Mikro ya Nne

Kamenge, Jumatano, saa nane mchana

Nadine mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia kuhusu sweta, kuhusu dawa za malaria, na kuhusu kutosinzia ndani ya basi huku simu iko mkononi. Amekuambia mara tatu na leo jioni atakuambia tena. Mimi huko siingii. Nimebaki na jambo moja ambalo hakuna mwingine wa kukuambia ila mimi, na nimelizungukazunguka siku nne nzima mpaka nimejichosha mwenyewe.

Umekwenda Ruziba kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua shangazi yako hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Mama yako yuko sokoni na samaki wake wadogo, ndagala. Nyumba imetulia kadiri nyumba ya Kamenge inavyoweza kutulia, nami nimekaa mbele ya kompyuta, kaski ya masikioni kichwani, kijiti chake cha kusemea mdomoni, nasema na ukuta kama mtu aliyerukwa na akili. Ndiyo, barua hii naiandika kwa mdomo. Na mashine hii, unaijua, Kiswahili chetu haikitaki. Nikisema "mutoto" inakaa kimya imeninunia; neno kama hilo inabidi nilidonoe herufi kwa herufi kwa kidole kimoja. Inataka "mtoto", inataka Kiswahili cha taarifa ya habari. Basi ukiona nasikika kama mtangazaji wa redio, usidhani nimejitia ukubwa. Nimelazimishwa.

Kesho alfajiri unapanda basi la Mwanza. Miaka miwili ya kujifunza kutengeneza vifaa vya hospitali. Chuo kilikupa nafasi mwaka jana, hukwenda. Mwaka huu kimekupa tena, na kimeandika wazi kwamba mara ya tatu haitakuwepo. Hii nayo nusura uikose, na sababu ilikuwa mikro, kipaza sauti tu. Nataka nikueleze ilikuwaje, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaanza kunitetea. Maana najua utanitetea. Tabia yako hiyo inaniudhi kuliko honi zote za barabara hii.

Inabidi nianzie ofisini. Unakumbuka vidole vyangu vilianza kufa ganzi nikiwa bado mpigachapa, nimeajiriwa. Daktari alisema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, mikono yote miwili, na akaniambia nipunguze kuchapa. Nilitoka pale nimemkasirikia kama vile yeye ndiye aliyeubana. Mpigachapa apunguze kuchapa ili afanye nini? Kwa bosi sikusema neno. Nikawa naleta kazi za ofisi nyumbani ndani ya bahasha. "Nadine, msaidie papa kidogo." Ulikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, una mitihani yako, na ulikuwa unachapa zile ripoti kwanza, masomo yako baadaye. Asubuhi nazipeleka. Siku moja bosi alisema mbele ya watu wote kwamba huyu mzee mwaka huu amepata mikono ya kijana. Watu wakacheka, nami nikacheka, nikasema asante. Nilirudi nyumbani na sifa zako mfukoni na sikukuambia.

Ofisi ilipopunguza watu, nikafungua kazi yangu hapa sebuleni, nikapigilia kibao mlangoni: barua, maombi ya kazi, memwari za wanafunzi wanaomaliza chuo. Kibao kilikuwa na jina langu. Mikono ilikuwa yako.

Halafu ikaja barua ya Mwanza, ile ya kwanza. Ulikaa kwenye kiti chako ukaanza kuchapa jibu la kuomba uahirishiwe mwaka mmoja, "kwa sababu za kifamilia". Mimi nilisimama nyuma yako. Sikusema nenda, sikusema baki. Unajua nilichosema? Nilisema, "Tarehe inakaa juu, upande wa kulia." Hicho ndicho alichokuwa nacho baba yako cha kusema siku hiyo. Kila nikikikumbuka natamani kujipiga kofi, ila mikono yenyewe haina nguvu.

Ni wewe uliyekuja na habari kwamba kompyuta inaweza kuongozwa kwa sauti. Amri kwa Kifaransa, fungua hiki, funga kile, na maandishi kwa Kifaransa au Kiswahili cha redio. Uliipanga yote wewe. Ukaniambia, "Papa, inabakia mikro tu. Ununue kaski ya USB, ile ya kuvaa ku kichwa. Haiko ya bei." Maneno machache tu, na yote yalikuwa sahihi.

Nami nikakasirika. Nikajiuliza, katika nyumba hii, mtu wa mikro ni nani? Nimekuwa mtu wa sono kanisani miaka kumi na minane. Ni mimi ninayefunga spika, ninayepanga mikro mbele ya kwaya, ninayemwambia pasta asogee au arudi nyuma. Leo mtoto wangu anifundishe kununua mikro? Nikakujibu kwamba kaski ni za vijana wa kucheza michezo ya vita kwenye skrini. Nikavaa koti nikaenda mjini.

Ya kwanza unaikumbuka, ile nzito ya chuma, sawa kabisa na ya kwaya. Muuzaji aliipangusa kwa shati lake.

"Papa, iyi ni ya professionnel. Ata bapasta bakubwa banatumia iyi."

"Na ku mashini ya kuandika, inafanya?"

"Inafanya, papa! Mikro ni mikro."

Mikro ni mikro. Nilirudi na maneno hayo njia nzima nayaona ni hekima. Nikachomeka fishi ya waya wake kwenye tundu la rangi ya waridi la kompyuta, nikasema "allo, allo, moja, mbili", kimya. Nikapaza sauti. Nikapaza zaidi, mpaka Mama Chantal, jirani yetu, akachungulia juu ya ua kuuliza kama leo kuna maombi kwetu. Kumbe mikro ya namna ile sauti inayotoa ni ndogo mno, na kanisani kuna mashine ya katikati inayoiinua kabla haijafika kwenye spika. Miaka kumi na minane naigusa mashine hiyo kila Jumapili, na sikuwahi kujiuliza kazi yake ni nini hasa. Wewe ulinieleza taratibu: "Papa, sauti haina nguvu ya kuingia mule." Nikakujibu kwamba kompyuta yako ni mbovu.

Ya pili ilikuwa ile ya duara, ya kuweka mezani. Hapo nilichagua kwa ujuzi, na ujuzi wenyewe ndio ulioniponza. Kanisani mikro nzuri ni ile inayokusanya watu, inayomfikia hata yule mama wa sauti ya pili anayesimama mwisho kabisa kwa aibu. Nikamwambia muuzaji nataka inayosikia mbali. Akanipa inayosikia mbali. Unamkumbuka yule muuguzi aliyekuja kuandikiwa ombi la kazi? Mimi natamka, kompyuta inaandika, nimejaa fahari, na sikutazama tena skrini mpaka karatasi ilipotoka. Katikati ya ombi, baada ya "nina heshima kubwa kuleta kwenu", ukafuata ugomvi wa Mama Chantal na wanawe, kila neno ambalo mashine iliweza kulishika, kuhusu nani aliyemwaga maji ya kuogea. Muuguzi akaisoma yote, mstari kwa mstari, akainua macho.

"Muzee, ibi mi sijasema."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi sikucheka. Nilicheka baadaye, peke yangu, sikutaka uone.

Ya tatu, ile ndogo ya kubana kwenye kola, fishi yake ilikuwa ya simu, na kompyuta haikuitambua mpaka ulipotafuta kiunganishi chake. Ilipokubali, ikawa inasikia shati langu likijikuna na ndevu, inasikia nikimeza mate. Siku ya nne ikafa. Sikuuliza kwa nini. Nilikwisha choka na wauzaji, nimechoka na matundu ya kila rangi, na zaidi ya yote nimechoka na wewe, kwa sababu mara zote tatu hukusema hata siku moja "nilikuambia". Ungesema! Ungebamiza mlango kama watoto wa watu wengine. Wewe ulikuwa unasogeza kiti, unakaa, unauliza, "Tulifika wapi, papa?" halafu unaendelea kuchapa.

Sasa ya nne. Pumua kwanza.

Ya nne ni hii niliyovaa. Unafikiri niliinunua Jumamosi iliyopita, kwa sababu Jumamosi niliingia nayo ndani ya mfuko mpya nikisema angalieni bahati yangu. Si kweli. Nilikuwa nayo wiki sita kabla ya hapo. Niliipata kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vya ofisi moja ya kupokea simu iliyofungwa, imetumika, sifongo ya sikio la kushoto imetoboka, na bei yake haikufika robo ya ile ya chuma. Kaski ya USB, ya kuvaa kichwani. Ile ile uliyoniambia siku ya kwanza.

Nilichomeka mchana mmoja, wewe uko nyuma ya nyumba unafua. Nikasogeza kijiti cha mikro karibu na pembe ya mdomo, si mbele yake, ili pumzi isipige. Nikaanza kusema polepole, bila kupaza, jambo ambalo mtu wa sono halijui kabisa. Nje basi dogo linapiga honi, Mama Chantal yuko kazini kama kawaida, mvua imeanza kugonga mabati. Kompyuta iliniandika mimi tu. Ukurasa mzima, makosa manne. Nadine, sijui kama utaelewa. Miaka miwili sijawahi kuona ukurasa ulioandikwa na mimi. Nikavua kaski, nikasimama ili nikuite.

Nikafika kwenye dirisha la nyuma. Ulikuwa na simu begani, unasema na rafiki yako huku unakamua shuka.

"Apana, sitaenda bado. Papa hajapata mikro. Nikienda nani atamuchapia?"

Nikarudi. Nikachomoa kaski, nikaizungushia waya wake vizuri kama ninavyofanya kila Jumapili baada ya ibada, nikaiweka chini kabisa ya katoni ya nyaya za kanisa. Katoni hiyo hakuna anayeigusa ila mimi. Jioni ukaniuliza, "Papa, mikro?" Nikasema, "Bado natafuta."

Wiki sita nikasema bado natafuta. Nilikuwa natoka, nazunguka mjini, nakunywa chai, narudi na uso wa mtu aliyekosa. Na wewe unasogeza kiti.

Nimejaribu kujidanganya kwamba niliogopa mashine itaharibika tena, kwamba wateja wa Kirundi wataniponyoka kwa kuwa mashine Kirundi haijui, kwamba nilikuwa nangoja nihakikishe. Uongo mtupu. Kazi ingekwenda. Nilichoogopa ni kiti hicho hapo pembeni yangu kikae bure. Nimezoea kukuona unapinda vidole vikilia kabla ya kuanza ukurasa mpya. Nimezoea unavyonisahihishia Kifaransa kwa kukohoa badala ya kusema. Nilizipenda saa hizo kuliko saa zote za maisha yangu ya kazi, na badala ya kukuambia hivyo, kwa maneno, kama mtu mzima, nilificha kaski.

Siku ile nilipoingia nikakuta umefungua barua mpya kwenye skrini, kwa chuo, ya kuikataa nafasi, na tarehe umekwisha iweka juu, upande wa kulia, niligeuka nikatoka tena uani. Na bado sikusema! Hapo ndipo ninapojichukia. Kama ingekuwa juu yangu mimi, barua ile ingekwenda.

Aliyekuokoa ni mama yako, na hata yeye hakuwa anatafuta kukuokoa. Alikuwa anatafuta kamba ya kufungia magunia ya ndagala, akaingiza mkono ndani ya katoni.

"Papa Nadine, iyi ni nini?"

"Kaski."

"Inafanya?"

"Inafanya."

"Tangu lini?"

Nikamwambia tangu lini. Mama yako si mtu wa kelele, unamjua. Aliirudisha ndani ya katoni, akafunika.

"Utamuambia we, ao nitamuambia mi. Nakupa mpaka jumamosi. Na ile barua yake asiitume."

Jumamosi nikafanya ule mchezo wa mfuko mpya. Uliruka ukanikumbatia ukasema Mungu ni mkubwa, ukafuta ile barua hapo hapo, ukaanza kutafuta begi. Mama yako alinitazama kutoka mlangoni, na tangu siku hiyo ananipakulia chakula bila kuniangalia usoni. Ana haki. Nilipewa nafasi ya kusema kweli nikaigeuza kuwa zawadi, nikapokea asante ambayo haikuwa yangu, kama ile ya ofisini.

Basi ndiyo hiyo. Sitakuambia uwe mwanamke mwema, wema unao mpaka umezidi, na huo ndio unaonitia wasiwasi. Huko unakokwenda utakutana na watu kama mimi. Si watu wabaya. Hawatakuomba kitu. Watasimama tu nyuma ya kiti chako wakikuonyesha tarehe inapokaa, na wewe kwa moyo wako utaona shida yao hata kabla hawajaisema, utakaa umalize. Ukiona mtu shida yake haiishi ingawa dawa yake inauzwa dukani, muulize. Muulize kwa ukali. Mimi ungeniuliza mara moja tu kwa ukali, "Papa, unatafuta wapi hiyo mikro?", ningekuambia siku ile ile, kwa sababu uongo wangu ulikuwa mwepesi, uliishi kwa upole wako tu.

Na lingine. Ulijua mikro ya kununua tangu siku ya kwanza, ukaniachia kwa kuwa mimi ni baba na nina miaka kumi na minane ya spika. Hapa nyumbani tulipoteza mikro tatu, si kitu. Lakini wewe unakwenda kujifunza mashine zinazomsaidia mtoto mchanga kupumua. Siku moja mzee mwenye mvi kama zangu atakuambia waya ni waya, funga twende. Wewe utakuwa unajua kwamba si kweli. Siku hiyo usikohoe. Sema, na uendelee kusema hata akikasirika, hata akikuambia wewe ni mtoto. Atakasirika. Mimi nilikasirika, na ona, niko hai.

Nilifikiri kuiweka barua hii chini ya begi lako uikute ukishavuka mpaka. Mama yako hakuambiwa wazo hilo, lakini najua angelijibu vipi. Ningekuwa nimekuficha tena. Kwa hiyo nitaichapisha sasa hivi na nitakupa mkononi ukirudi kutoka Ruziba, kukiwa bado na mwanga na muda wa kunikasirikia uso kwa uso. Nakuomba ukasirike. Usipokasirika nitajua utaondoka bado unanihurumia, na huruma hiyo itakushika mguu kila muhula.

Mimi nitakuwa sawasawa, si sana. Karatasi naweza kuisukuma ndani ya printa kwa kiganja. Wateja wa Kirundi nitawapeleka kwa yule wa karibu na hospitali, na baadhi hawatarudi. Siku umeme ukikatika nitakaa tu. Nitakukumbuka mpaka iniume, mwanangu, na nimeona nikuandikie hivyo, kwa kuwa hamu hiyo nisipoiandika najua nitaitafutia njia nyingine ya kutokea.

Maana najijua. Ipo siku nitakupigia simu nikuambie mikro imekufa, mikono inauma, wateja wamenikimbia, na pengine siku hiyo itakuwa kweli. Nisikilize mpaka nimalize. Nipe pole. Halafu kata simu, urudi darasani.

Papa